Wakili wa Kwenye Bango

Nilianza kuwa wakili kabla sijasoma sheria hata siku moja. Uwakili wangu ulichapishwa mjini Mpanda, kwenye duka la stesheneri lililo jirani na stendi, juu ya turubai la plastiki pana kama kitanda, uso wangu ukiwa katikati. Mwenye duka hakuwa na joho la kunivalisha, kwa hiyo alichukua kichwa changu akakibandika kwenye mwili wa wakili mwingine aliyemhifadhi kwenye kompyuta yake. Wakili huyo alikuwa mwanaume. Alikuwa na mabega mapana, tai nyekundu, na mkono mkubwa wenye saa inayong'aa, umeshika kitabu kinene. Nilimwambia mwenye duka kwamba mikono ile si yangu. Akanijibu kwamba watu hawaangalii mikono, wanasoma maandishi.

Maandishi yenyewe yalisema HONGERA WAKILI MSOMI MTARAJIWA, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko jina langu, likafuata jina la chuo kimoja kikubwa cha Dar es Salaam. Ujumbe wa kuchaguliwa katika chuo hicho ulikuwa umeingia kwenye simu yangu asubuhi ile ile. Nilikuwa sijathibitisha nafasi, sijui ada itatoka wapi, na sijamwambia mama. Mtu wa kwanza kumpa habari alikuwa mwenye stesheneri.

Ugonjwa wangu wa Dar una historia. Nilipokuwa shule ya msingi, shangazi yangu alikuwa akipika chakula karibu na mahakama, na siku za likizo mimi nilikuwa mwosha vyombo wake. Siku moja watu wa Sitalike waliletwa kwa kesi ya nyama ya kiboko, na ndugu zao walikuwa wamejichanga kumleta wakili kutoka Dar. Nilichungulia dirishani na sahani mkononi. Wakili alisimama kwa suti nyeusi, katika joto lile la Oktoba, akainama kidogo na kusema, "Mheshimiwa hakimu, tunaomba kesi hii iahirishwe." Ikaahirishwa. Akafunga mkoba, akaja kwa shangazi, akala wali maharage, akaondoka. Ndiyo yote aliyoyafanya. Mimi nilirudi nyumbani nimeshapoteza akili, nikawa naahirisha kila kitu kwa sauti ile, kuanzia kufua hadi kulala. Shangazi alikuwa amemuuliza wakili alikosoma, naye akataja kile chuo kikubwa. Tangu hapo nikaamini kwamba wakili hutengenezwa mahali pamoja tu duniani, kama bia fulani.

Sisi tunakaa Misunkumilo, pembeni ya mji, pale ambapo ukimaliza nyumba unaanza mashamba. Mama ni Mpimbwe, na kwao mtu akiulizwa habari za nyumbani huanza kujibu habari za mpunga. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Alituachia nyumba ya tofali za kuchoma na majaruba ya mpunga bondeni, umbali wa kutembea kwa miguu. Majaruba hayo ndiyo yaliyonisomesha. Daftari, sare, nauli za shule ya bweni, hata godoro langu la kwanza, vyote vilitoka kwenye matope yale. Mama aliyajua majaruba yake kama watu wengine wanavyojua watoto wao: hili linakunywa maji sana, lile lina kiburi, lile la kona ukiliwahi linakulipa.

Basi nilifika nyumbani na bango limekunjwa kwapani. Mama alikuwa anapepeta. Nilipomweleza aliweka ungo chini, akanikumbatia na makapi yake yote, akalia. Kisha akaniuliza kwa nini nina mikono ya mwanaume. Tulilifunga bango kati ya nguzo ya umeme na mpapai, likitazama barabara, na jioni hiyo nilipita mbele yake mara nyingi kuliko nilivyokuwa na shughuli za kunipitisha.

Jumamosi jumuiya yetu ilisali nyumbani kwetu. Wasiosali kwa jumuiya niwaambie tu kwamba ni familia chache za mtaa mmoja zinazosali pamoja kila wiki, kila safari kwenye nyumba tofauti, na kwamba habari ikitangazwa pale baada ya sala haihitaji redio. Mwenyekiti wetu, mama mwenye sauti ya kuongoza mazishi, alitangaza kwamba mtaa umepata wakili. Wakapiga vigelegele. Kabla ya chai kwisha wanawake walikuwa wameshakubaliana rangi ya kitenge cha sare ya kuniaga. Kuanzia hapo mama akawa Mama Wakili, na mimi nikaanza kuletewa kesi.

Mmoja aliniuliza habari ya mpaka wa kiwanja, mwingine habari ya mbuzi aliyekula mbegu, mwingine habari ya mume aliyehamia Karema kuvua dagaa na kusahau njia ya kurudi. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha sita, historia na lugha. Lakini niligundua kwamba ukikunja uso, ukavuta pumzi, ukasema "inategemea," mtu anaridhika na anakuletea papai. Nilikula mapapai mengi kwa neno hilo. Nilianza hata kutembea taratibu, kwa sababu nilimwona yule wakili wa nyama ya kiboko akitembea taratibu, nikawa nachelewa kila mahali.

Hapo ndipo simu ya ufadhili ilipopigwa.

Paroko alikuwa amenisumbua Jumapili baada ya Jumapili niombe pia kwenye chuo kidogo cha masista, katika mkoa wa jirani, nacho kilikuwa kimeanza kufundisha sheria. Niliomba ili aniache. Sasa sista mmoja mwenye sauti ya upole alinipigia kuniambia kwamba nimechaguliwa, na kwamba wana ufadhili kwa wasichana wa mikoa ya pembezoni. Ada, kitanda, chakula na vitabu, miaka yote. Nilichopaswa kufanya ni kukubali kabla dirisha la kuthibitisha halijafungwa.

Mtu mwenye akili angepiga magoti. Mimi nilikwazika na neno pembezoni. Nilisimama pale uani na simu sikioni, nikitazama bango langu linavyopepea, nikajiuliza pembezoni mwa nini. Nilimshukuru sista kwa Kiswahili cha mahakamani, nikamwambia nitalitafakari ombi lake. Akasema, "Sawa, binti. Ila si ombi letu. Ni lako."

Nilianza kupima, kama wanavyosema, faida na hasara. Nawaambia ukweli namna nilivyopima. Chuo kikubwa kilikuwa na jina. Ukilitaja ndani ya basi, watu wanageuka kukutazama. Majaji walisoma pale, mawaziri walisoma pale, hata wezi wakubwa walisoma pale. Chuo kidogo ukikitaja, mtu anakuuliza, "Kipo wapi hicho?" Nilikijaribu kwa mwenyekiti wa jumuiya, nikijifanya namzungumzia rafiki yangu. Akasema, "Ahaa, kile cha ushonaji?" Jibu hilo lilinikaa rohoni kuliko ada, kitanda, chakula na vitabu.

Mkopo wa serikali nao nilikuwa nimeuomba kama wenzangu wote, lakini nani kapata na nani kakosa ni jambo ambalo mtu hulijua akiwa tayari ameshafunga godoro. Chuo kikubwa hakikuwa na ufadhili kwa mtu kama mimi. Hilo nalo nililigeuza likawa sifa. Nikasema chuo kizuri hakibembelezi watu.

Nilimpelekea mama shauri lote. Siwezi kusema nilimficha kitu. Nilimweleza vyuo vyote viwili, ila nilimweleza kama wakili aliyelipwa na upande mmoja. Nilisimama, naye ameketi kwenye kigoda anachambua mchele, nikatetea Dar mpaka koo likakauka. Nilitaja majaji. Nilitaja maktaba. Nilitaja watu nitakaofahamiana nao. Mama alinisikiliza bila kuacha kuchambua, halafu akauliza jambo moja.

"Huko kwa masista, watakufundisha sheria nyingine?"

"Sheria ni ile ile, mama. Lakini jina…"

"Haya." Alitupa kijiwe nje. "Mimi hayo ya majina siyajui. Kama roho yako iko Dar, tutakodisha majaruba."

Alisema hivyo kama mtu anayeazimisha sufuria. Majaruba yote, kwa miaka yote minne ya masomo, kwa malipo ya mkupuo ili nianze nayo. Yeye angefanya vibarua kwenye majaruba ya watu wengine, kupanda na kupalilia, mgongo wake ule ule ambao kila masika ulikuwa ukimlaza na kitambaa cha maji ya moto. Nilisikia kila neno. Na nilichojisikia, Mungu anisamehe, ilikuwa furaha. Nilikwenda kulitazama bango.

Mtu wa kuyakodi alipatikana kabla hatujamtafuta. Jirani yetu wa bondeni ni Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake tangu mimi sijazaliwa, akawa rafiki mkubwa wa baba. Yeye na baba walianzishiana utani ambao hakuna anayekumbuka ulianza na nini, na baba alipofariki, mtani aliturithi sisi. Anasema Wapimbwe hata peponi wataulizia wali uko wapi. Sisi tunasema yeye anajua jina la kila ng'ombe wake, ila watoto anawaita wote "bebe," yaani wewe. Na utani kwetu una haki zake. Mtani akikukuta na shughuli akakamata kitu chako, kiti, sufuria au bwana harusi mwenyewe, ni chake mpaka ukikomboe, na kukasirika ni mwiko. Siku ya mazishi ya baba alikalia jeneza akidai baba hawezi kuondoka na deni la mtama, na mama, katikati ya kilio, alicheka.

Mtani alikuja asubuhi na mapema, akasimama mbele ya bango.

"Mwangaluka, Mama Wakili. Huyu mwanaume aliyevaa kichwa cha binti yako ni nani?"

Mama alimweleza habari ya majaruba. Utani ukamtoka usoni. Alikuwa ameanza kulima mpunga miaka ya karibuni na majaruba yetu yalipakana na yake. Hakuna mtu ambaye yangemfaa zaidi. Hata hivyo alimuuliza mama kama ana hakika, akamuuliza tena. Mama alisema ana hakika. Basi mtani akasema yafanyike kwa maandishi, mbele ya mjumbe wa mtaa, ili watoto wao wasije wakagombana.

"Na mwandishi yumo humu humu ndani," akasema. "Twende kumlipa mtu wa mjini, wakati nyie mna wakili nguzoni?"

Nilivimba. Huo ndio ungekuwa mkataba wangu wa kwanza, nami niliuchukulia kwa uzito ambao sikuuchukulia hata mtihani wa taifa. Nilikwenda kuazima mkataba wa kupanga fremu ya duka kwa mwanamke mmoja anayeuza nguo sokoni. Nikakaa mchana kutwa naunakili, palipoandikwa fremu naandika shamba, palipoandikwa mpangaji naandika mkodishwaji. Kifungu cha kutokutoboa ukuta nilikiondoa kwa masikitiko, maana kilikuwa kimeandikwa vizuri. Kifungu kimoja nilikipenda kiasi cha kukiongezea maneno yangu mwenyewe. Kilisema mwenye mali hataingia wala kukaribia eneo husika kwa sababu yoyote ile, kwa muda wote wa mkataba. Mimi nikaongeza: wala hataruhusiwa kuchukua, kuokota au kunufaika na kitu chochote kilichomo. Nilisoma sentensi hiyo kwa sauti jikoni, peke yangu, nikasikia inatetemesha sufuria.

Jumapili baada ya misa tulikaa uani, chini ya bango. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Mtani alikuja na kofia yake ya siku kuu. Mjumbe wa mtaa, mzee mpole anayependa mambo yaishe mapema, alikuwa ameleta peni yake na mhuri kwenye mfuko wa rambo. Wali ulikuwa motoni. Nilisimama nikasoma, taratibu, nikitua penye nukta kama nilivyomwona wakili wa kiboko akitua. Nilipofika kwenye kile kifungu nilipandisha sauti.

Mama aliinua mkono kidogo, kama mwanafunzi.

"Hata kuokoteza?"

Hapa inabidi nieleze, maana inawezekana unasoma haya ukiwa mahali ambapo mchele unatoka dukani. Mpunga ukishavunwa, jaruba huwa halibaki tupu. Kuna masuke yaliyoanguka, kuna yaliyosahaulika kwenye kona. Wajane na watoto huingia na vikapu vyao, na hakuna mwenye shamba anayemfukuza mtu anayeokoteza. Hata mgeni asiyejulikana hafukuzwi. Hata mtu mliyenuniana naye. Mimi mwenyewe nilikua nikiokoteza kwenye majaruba ya watu, na kile kikapu kidogo ndicho tulichokula wiki zile ambazo magunia yalikuwa yanangojea bei. Nililijua jambo hili kabla sijajua kusoma. Na hapo, na karatasi mkononi, sikulikumbuka hata kidogo. Nilikuwa na jibu.

"Kisheria, mama, ukiingia utahesabika kuwa mvamizi."

Mtani alicheka kwa nguvu, akijua ni utani. Alipoona uso wangu haujacheka, naye akaacha.

"Mvamizi nani? Huyu?" Akamgeukia mjumbe. "Mimi sikuomba hilo. Mzee, wewe ni shahidi, mimi Msukuma sikuomba hilo. Ng'ombe wangu wakiingia kwake huwa anawatoa polepole asiwavunje miguu. Leo mimi nimtoe yeye kwa karatasi?" Kisha akanitazama, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Bebe, umemfungia mama yako mlango, na hujafika hata stendi."

"Usinifundishe kazi!" nilimjibu. Ndivyo nilivyosema, kwa mtu aliyebeba jeneza la baba yangu. Nilikuwa na hasira kali, hasira ile inayompata mtu akiwa amekosea mbele za watu.

Mama hakukasirika. Laiti angekasirika, ningepata mtu wa kubishana naye. Alikuwa anafikiri, nami nilimwona akifikiri: miaka minne, kila mavuno, amesimama kwenye tuta na kikapu chake, akitazama masuke yaliyolala kwenye jaruba lake la kona. Halafu akafuta viganja kwenye kitenge, akanyoosha mkono kuomba peni.

"Kama ndivyo sheria ilivyo, basi," akasema. "Nisaini wapi, mama?"

Mama huniita mama akiwa ananipenda sana au akiwa amechoka sana. Sikujua hiyo ilikuwa ipi. Nilimtazama yeye, nikatazama juu, nikaliona lile jitu lenye saa na kichwa changu likimtabasamia kutoka kwenye bango. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena mpaka leo, na nimeshawahi kushindwa kesi kwa kusahau tarehe. Ilinipanda kutoka miguuni. Nilielewa kwamba mama angesaini. Ningeweza kuandika asipumue kwa miaka minne, naye angeuliza tu mahali pa kuweka jina.

"Mkataba una kasoro za kisheria," nikasema.

"Basi rekebisha," mjumbe akasema, akichungulia upande wa jikoni. "Tunasubiri."

"Haurekebishiki."

"Kwa nini?"

Niliikunjakunja ile karatasi. Nilianza kulia, kilio kibaya, cha kamasi, mbele ya mjumbe na mhuri wake. Katikati ya kwikwi nikasema nitakwenda kwa masista.

Mama alishusha mkono wake. "Si ulisema roho yako iko Dar?"

"Itarudi," nikasema.

Hakunikumbatia. Alisema wali utaungua, akaenda kuupakua. Ila niliona alipokuwa akiinuka kwamba aliinuka kwa wepesi, bila kushika kiuno, na alipokuwa jikoni nilimsikia akiimba wimbo wa misa ya asubuhi kwa sauti ya chini. Bado mpaka leo ninapousikia wimbo huo nageuza uso.

Tulikula. Mtani alikula kwa kimya cha mtu aliyekosa majaruba, akaomba aongezewe, akaongezewa. Aliponawa mikono alisimama, akatangaza kwamba amepotezewa siku, amevalishwa kofia ya siku kuu bure, ameitwa mtu wa kufukuza wajane, na kwamba haki ya utani inamruhusu kutoza faini. Akaenda kwenye mpapai, akafungua kamba, akafungua na ile ya nguzoni, akakunja bango akalitia kwapani.

"Hilo ni langu!" nikasema.

"Mpaka mlikomboe."

Nilimtazama mama anitetee. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa kitenge, mabega yanamtikisika. Mjumbe alisema kwa upande wa mila jambo liko wazi, na kwa upande wa serikali yeye ana safari. Nilijaribu kukasirika, lakini nimeshawaambia kwamba kukasirika ni mwiko.

Nilithibitisha nafasi ya chuo kidogo kesho yake, kwa simu, nimeketi kwenye jiwe la kufulia. Sista alifurahi. Jumuiya ilipoambiwa, mwenyekiti alinipongeza akanishauri nijifunze kushona mashati ya kiume, yana soko. Vitenge vya sare vilikuwa vimeshanunuliwa, kwa hiyo waliniaga navyo vivyo hivyo.

Chuo kilikuwa kidogo kweli. Maktaba yake ungeweza kuifagia ukiwa umesimama mlangoni. Lakini sheria ilikuwa ile ile, kama mama alivyoshuku. Siku ya kwanza ya somo la mikataba mwalimu aliuliza kama kuna mtu darasani ameshawahi kuandika mkataba. Nilitazama chini ya meza, nikaona kalamu yangu imeanguka, nikaitafuta muda mrefu.

Na sijapona kabisa, nisiwadanganye. Miaka baadaye wote tulikutana Dar kwenye mafunzo ya uwakili, wa vyuo vikubwa na vidogo kwenye benchi moja, na kitu cha kwanza tulichoulizana ni nani kasoma wapi. Nilipotaja changu nilikitaja kwa kukohoa. Sasa nina ofisi ya chumba kimoja Mpanda, karibu na pale shangazi alipokuwa akipikia, na mteja akiniuliza nilikosoma, nikamjibu, akasema "kipo wapi hicho?", kuna kitu kinanichoma bado. Namwambia inategemea anatokea upande gani.

Lakini nilikuwa nasema habari ya bango. Mtani alilifanya turubai la kufunikia mzigo kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe. Mwaka wangu wote wa kwanza chuoni, uso wangu ulizunguka Mpanda ukiwa juu ya magunia ya mahindi, mkaa na pumba, na HONGERA WAKILI MSOMI ikisomeka vizuri kabisa, maana ile stesheneri ilikuwa na wino mzuri. Wanawake wa jumuiya walinipigia simu. "Tumekuona leo sokoni," walisema. "Umebeba viazi." Mmoja alinieleza kwamba fahali alikuwa ametafuna upande wa jina la chuo. Nilicheka nao, kisha nikakata simu nikanuna.

Niliporudi likizo mavuno yalikuwa yamekwisha. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa magunia mpaka dirishani, mpunga wa majaruba yetu, pamoja na lile la kona. Juu ya magunia kulikuwa na kitu kimekunjwa vizuri na kufungwa kwa katani. Nilikifungua upande mmoja, nikaona saa inayong'aa.

Mama akasema amelikomboa kwa mtani, kwa debe la mpunga.

Nilikuja juu. Debe zima? Kwa turubai lililotafunwa na ng'ombe, lenye mikono ya mwanaume, lenye jina la chuo ambacho sikukikanyaga? Nilimwambia angeliacha lichakae huko huko barabarani, kwamba mimi mwenyewe nilishalisahau, kwamba alichofanya ni hasara tupu, na nilikuwa naendelea, kwa sababu kuendelea ndiyo kazi niliyosomea.

Mama alikuwa anafunga katani upya, akilirudishia mikunjo yake.

"Masika yote alikuwa anapita nalo hapa nyumbani," akasema. "Ulikuwa unanyeshewa."